Siri ya Lori la Njano

Kila siku baada ya masomo, Honi hakwenda nyumbani moja kwa moja kama wenzake. Alikata kona kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akafuata ukuta mrefu uliochorwa alama za barabarani, akaingia kwenye lango la chuo cha udereva wa malori. Mama yake alikuwa mwalimu pale. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mwana, na mama hakutaka binti yake akae peke yake akichezea viberiti. Honi alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwahi kuchezea kiberiti hata siku moja, lakini mama akishasema jambo limekwisha.

Honi halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na madereva alipokuwa mchanga, kwa sababu alipolia, walisema, mtaa mzima ulisogea pembeni kupisha. Jina likamganda, na yeye mwenyewe akalipenda.

Nyuma ya ofisi ya chuo kulikuwa na chumba kidogo alichokipenda kuliko mahali pengine popote. Kilikuwa na pazia zito, skrini pana ukutani, kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye lori bovu, usukani, pedali tatu na mkono wa gia. Humo wanafunzi walicheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha malori porini, kwenye matope, mito, mawe na vilima. Chuo kiliununua mchezo huo ili watu wazoee njia mbaya kabla ya kukabidhiwa lori lenyewe. Aliyepindua gari kwenye skrini alibonyeza kitufe akaanza upya. Aliyepindua lori la chuo angekuwa na mengi ya kueleza.

Wanafunzi walipomaliza zamu zao, Honi alikikalia kile kiti, mto mgongoni ili miguu ifike kwenye pedali. Na hapo, bila kutia chumvi, hakuna aliyemfikia. Alizijua tabia za malori yote ya mchezoni kama mtu anavyozijua tabia za ndugu zake. Lori jekundu lilikuwa jepesi mno. Likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yalicheza kwenye matope, na mara gari limegeuka linatazama lilikotoka. Dawa yake ilikuwa kulipakia magogo machache, likatulia. La bluu lilikuwa refu na zito la kuelewa. Ukikata usukani lilitafakari kwanza, ndipo likageuka, kwa hiyo ilibidi uanze kukata kabla kona haijafika. Lori la tangi nalo lilikuwa na hila zake. Tangi likijaa nusu, maji yaliyumba ndani na kwenye kona gari lililala ubavu. Likijaa kabisa, au likiwa tupu, halikuwa na neno.

Halafu kulikuwa na la njano, kubwa kuliko yote. Hilo ndilo lililotumika kwenye mtihani wa mteremko. Mwanafunzi alipaswa kulishusha kilima kirefu likiwa na shehena ya mchanga, bila kugonga kitu, ndipo aruhusiwe kwenda mlimani na lori la kweli. Wengi waliishia mtoni. Gari lilishika kasi, breki zikachoka, na skrini ikaonyesha maji.

Siri ya lori hilo Honi aliigundua kwa bahati. Siku moja mkono ulimteleza katikati ya mteremko, gia ikatoka, gari likabaki frii, yaani huru, bila gia yoyote. Alifumba macho akingoja kishindo. Alipoyafumbua, lori lilikuwa linashuka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi. Alijaribu tena na tena, na kila mara likapoa vilevile. Honi alivimba kichwa. Watu wazima wazima, wengine na ndevu zao, walishindwa na lori ambalo yeye alilishusha kwa mkono mmoja.

Hata hivyo mama alikuwa amempa sharti moja.

"Cheza utakavyo," alimwambia. "Lakini wanafunzi wangu usiwafundishe. Siku nikisikia umemfundisha mtu, ufunguo wa chumba hiki utauona mfukoni mwangu tu."

"Kwa nini, mama? Na mimi ninajua."

"Wewe unajua mchezo. Wao wanajifunza gari."

Moyoni Honi alijiambia kwamba watu wazima hawapendi kupitwa.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo mwanamke mmoja ambaye wote walimwita Fundi, kwa kuwa alishona nguo miaka mingi kabla ya kujiunga na chuo. Machimbo ya mchanga yaliyokuwa jirani yalikuwa yanatafuta madereva, na Fundi alikuwa ameahidiwa nafasi kama angefaulu. Alikuwa na watoto watatu na mgongo uliochoka kuinama. Alikuwa mcheshi, hodari wa kurudi nyuma na kuegesha, ila mteremko ulimtoa jasho. Lori la njano lilikuwa limemzamisha mtoni mara nyingi hata wenzake wakawa wanamuuliza habari za samaki.

Siku ya Alhamisi Honi alimkuta peke yake chumbani, amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani.

"Mdogo wangu, mimi narudi kwenye cherehani," Fundi alisema. "Sindano haina mteremko."

Alisema kwa kucheka, lakini macho yake hayakucheka. Honi alimhurumia kwelikweli. Na kusema kweli, kulikuwa na kitu kingine kando ya huruma. Siri ilikuwa inamwasha ulimini. Alichungulia mlangoni, akaona mama yuko mbali uwanjani, akasogea.

"Dada, ukifika pale kwenye jiwe kubwa, toa gia. Weka frii."

Fundi alijaribu. Lori la njano likapoa, likashuka, likafika chini bila hata kukwaruza tawi. Fundi alimkumbatia Honi mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha akauliza, "Na kwenye lori lenyewe ni hivihivi?"

Honi hakujua. Neno "sijui" lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini Fundi alikuwa anamtazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama daktari, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumtazama hivyo.

"Ni hivyohivyo," akajibu. "Ndiyo siri ya madereva wazoefu."

"Nilijua tu," Fundi alisema. "Mtoto wa Mwalimu atakosaje kujua?"

Kesho yake Fundi alifanya mtihani. Mama alikuwa uwanjani na mwanafunzi mwingine, na alipoingia chumbani alikuta skrini imekwisha kutangaza kwamba gari limefika salama. Wanafunzi walipiga makofi. Mmoja wao, mwanamume mnene aliyewahi kuwa mlinda mlango wa timu ya mtaa na mpaka leo aliitwa Kipa, alipiga mluzi mrefu.

"Samaki watamkumbuka," Kipa alisema, na chumba kizima kikavunjika mbavu.

"Vizuri sana, Fundi," mama alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda mlimani."

Honi alikuwa amesimama karibu na pazia. Alijiona kama aliyefaulu ni yeye.

Jumamosi mama alikwenda na Honi chuoni mapema. Lori la mazoezi lilikuwa limesimama uwanjani, limejazwa mchanga na kufunikwa turubai. Mama alilizunguka kama alivyofanya siku zote kabla ya safari. Alipima oili, akatazama maji, akapiga kila tairi kwa chuma kifupi na kusikiliza mlio wake. Honi alimfuata na kitambaa, akifuta taa.

"Mama, kwenye mteremko dereva hasa anafanya nini?" aliuliza, kwa nia ya kuonyesha kwamba jibu analo.

"Mteremko unataka gia nzito na subira," mama alisema, amechuchumaa kwenye tairi la nyuma. "Unaingiza gia namba mbili ukiwa bado juu, na huiachii mpaka chini. Injini ndiyo inayolishika gari. Breki zinasaidia tu."

Kitambaa kilisimama mkononi mwa Honi.

"Na mtu akiweka frii?"

Mama aliinuka. "Hapo injini imekwisha kuliachia gari. Unabaki na breki peke yake, na mchanga wote huu unakusukuma mgongoni. Breki zinapata moto, zinaanza kunuka, halafu hazikamati tena. Ukijaribu kurudisha gia kwa mwendo ule, haiingii. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

Sauti ilimtoka nyembamba, lakini mama alikuwa amekwisha kugeuka kwenda ofisini kuchukua funguo. Fundi aliingia langoni wakati huohuo, amevaa viatu vipya vya kamba, anatabasamu kwa kila mtu hadi kwa mlinzi.

Honi alitaka kumvuta Fundi pembeni amnong'oneze haraka, jambo liishe kimyakimya. Lakini alisita. Akisema, ufunguo wa chumba umekwenda. Ushindi wa Fundi nao umekwenda, na pengine kazi ya machimboni. Na watu wote watajua kwamba yule mtaalamu mdogo alikuwa anabahatisha. Alipokuwa bado anazungushana na mawazo hayo, mama alirudi, Fundi akapanda kwenye usukani, mama akapanda kiti cha pembeni, milango ikafungwa. Injini ikanguruma. Kunong'ona hakukuwezekana tena.

Lori lilianza kusogea polepole kuelekea langoni. Honi aliona kichwa cha mama dirishani, kimetulia, kinatazama mbele. Mama alimwamini Fundi. Fundi alimwamini Honi. Na Honi alijua kwamba alichomwambia Fundi hakikuwa kweli.

Alidondosha kitambaa, akakimbia. Alikata kando ya matairi ya mazoezi, akamfikia mlinzi kabla lori halijakaribia, akalisukuma lango la chuma kwa mikono miwili mpaka likafungika. Mlinzi akabaki mdomo wazi. Lori likasimama.

Mama aliteremka, uso umekunjamana. "Umepatwa na nini wewe?"

Wanafunzi waliokuwa kwenye benchi waliinuka. Kipa alikuja mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu. Honi aliwaona wote, akatamani ardhi impasukie. Akapiga moyo konde.

"Mama, Fundi atashuka mlimani na frii. Mimi ndiye niliyemfundisha. Lori la njano ukiliweka frii linapoa, hata jana amefaulu hivyo. Akaniuliza kama lori lenyewe ni hivihivi. Nilikuwa sijui. Nikasema ndiyo."

Mama aliinua macho kumtazama Fundi aliyekuwa bado ameshika usukani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Darasani nilisema nini kuhusu gia nzito?"

"Ulisema," Fundi alijibu kwa sauti ndogo. "Lakini nikadhani hayo ni ya wanaoanza, na hii ni siri yenu ya nyumbani."

Alizima injini, akashuka, akashikilia mlango kama mtu aliyeamka kutoka homani. "Ningetuua, Mwalimu," alisema. "Mimi na wewe, na yeyote ambaye tungemkuta njiani."

Mama alikaa kwenye ngazi ya lori. Kisha alimnyooshea Honi mkono.

"Ufunguo."

Honi aliutoa mfukoni akampa.

"Leo hakuna mlima," mama aliwaambia wote. "Twendeni chumbani."

Walijazana kwenye kile chumba mpaka pazia likawa linawafunika waliosimama nyuma. Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti, akaliwasha lori la njano, akalipeleka kileleni. Alipofika kwenye jiwe kubwa, akatoa gia. Lori likapoa mbele ya macho yao. Alijaribu njia ya pili, gia nzito, kama anavyofundisha. Lori likapiga kelele, likatikisika, likashika kasi, likaingia mtoni.

"Kumbe gari hili halijawahi kusikia habari za mlima," Kipa alisema.

Watu walicheka, na mama naye akacheka kidogo. Kisha akawageukia.

"Waliotengeneza mchezo huu walikosea hapa. Na mimi nilikosea kuwapa mtihani kwa lori ambalo sikulijaribu kwa mikono yangu. Nililitazama tu watu wakiliendesha. Tangu leo la njano limestaafu. Matokeo ya jana yamefutwa, na Fundi atarudia." Akamtazama binti yake. "Honi, njoo hapa mbele. Utuambie tabia za mengine yote. Usifiche hata moja."

Honi alisogea, macho sakafuni. Alianza na lori jekundu, jinsi linavyocheza nyuma likiwa tupu, na magogo yanavyolituliza.

"Hiyo ni kweli hata barabarani," mama aliwaambia wanafunzi. "Lori tupu halishiki matope. Endelea."

Akaeleza habari za lori la bluu.

"Hapo mchambue. Gari refu linahitaji nafasi kubwa kwenye kona, hiyo ni kweli. Lakini usukani wa lori zima haukai kutafakari. Ukiona unatafakari, peleka gari kwa fundi wa magari."

Akaeleza habari za tangi lililojaa nusu. Mama aligeuka taratibu kwenye kiti.

"Hilo nani amekufundisha?"

"Hakuna. Niliona linalala kona, nikajaribu kulijaza, nikajaribu kulimwaga lote. Nikaona ni maji yanayoyumba."

"Hilo ni kweli tupu," mama alisema. "Na ndilo somo langu la mwisho kabisa, maana watu wengi hawaliamini mpaka waone."

Wanafunzi waliguna kwa mshangao. Honi aliinua kichwa kidogo. Alielewa kwamba yale aliyoyajua yalikuwa na thamani, na alielewa pia, kwa mara ya kwanza, kwamba yeye peke yake hakuwa na njia ya kutenga ya kweli na ya mchezo. Kwa hilo alimhitaji mama.

Fundi alianza upya. Alifanya mazoezi na lori jekundu mchezoni, gia nzito kutoka juu hadi chini, kisha akaenda na lori la chuo kwenye mwinuko mdogo ulio nyuma ya soko, kisha mwinuko mkubwa zaidi. Hakulalamika. Honi, aliyekuwa amenyang'anywa ufunguo, alikaa kwenye benchi na kazi zake za shule, akimsikiliza mama anavyofundisha. Alishangaa mambo mangapi yalikuwa yakisemwa pale uwanjani siku zote wakati yeye amejifungia na skrini.

Hatimaye siku ya mlima ilifika. Honi na Kipa walisimama chini kabisa, mahali barabara inapotandaa, pembeni ya mtaro. Walilisikia lori kabla ya kuliona. Injini ilikuwa inalalamika kwa sauti nene, isiyopanda wala kushuka. Kisha likatokea kwenye kona ya juu, turubai limefungwa vizuri, mwendo uleule, gia ileile. Taa za breki ziliwaka mara mojamoja tu na kuzimika. Honi alibana pumzi mpaka lori lilipopita jiwe la mwisho na kusimama mbele yao.

Fundi aliteremka akajishika mlangoni. "Hii miguu si yangu," alisema, halafu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka palepale akicheka.

"Mdogo wangu," Kipa alimwambia Honi, "leo samaki wamekosa mgeni."

Mama alishuka upande wa pili. Aliandika kidogo kwenye karatasi yake, akampa Fundi mkono, akamwambia amefaulu. Fundi alimshika Honi mabegani.

"Sikukasirikii," alisema. "Ungenyamaza siku ile, watoto wangu wangebaki na cherehani bila mshonaji."

Mama alimwita Honi kando ya lori. Alimwekea ufunguo wa chumba kiganjani, akaufunga mkono wake juu ya mkono wa binti yake.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa lako halikuwa kutojua. Mimi naendesha miaka yote hii na bado kuna njia nisizozijua. Kosa lilikuwa kuona aibu kusema 'sijui', kwa sababu mtu aliyekuuliza aliweka roho yake kwenye jibu lako. Siku ile kwenye lango ulikubali aibu kubwa zaidi, mbele ya chuo kizima, ili sisi tuwe hai. Wanafunzi wengi wamepita mikononi mwangu na nimewasifu wengi. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe umeshikilia lile lango."

Honi aliutia ufunguo mfukoni. Mama alimfungulia mlango wa lori, akamkalisha katikati, baina yake na Fundi. Kipa akapanda kiti cha nyuma huku akinung'unika kwamba kimeshonwa kwa ajili ya watu wembamba. Fundi alikanyaga klachi, akaingiza gia, na wakarudi chuoni, Honi amekaa wima, akitazama barabara yote iliyokuwa mbele yao.